Wacheni Kumtibu Mbwa kwa Komenti

Video yangu iliyotazamwa zaidi tangu nianze kuposti ni ya mbwa wangu akikohoa. Sekunde 19. Chapo, mtoto wa mbwa wa "wiki nane", amesimama kibarazani, anatoa mlio kama bata bukini aliyekanyagwa shingo, anakunja mgongo kama anataka kutapika, povu jeupe kidogo linatoka, halafu ananiangalia na kutingisha mkia. Nikaweka muziki. Nikaandika juu yake, "Mzee wa kanisa akisafisha koo kabla ya matangazo." Mlicheka. Hata mimi nilicheka, nikairudia mara kadhaa nikiwa kwa matatu.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumanne iliyofuata Chapo alikufa kwa meza ya daktari.

Siandiki hii ndio mnihurumie. Naandika kwa sababu tangu niseme amekufa, inboksi yangu imejaa watu walio na video kama hiyo hiyo, mbwa wao anakohoa sasa hivi, na swali ni moja: "Buda, ulimpa nini?" Nilimpa kile mliniambia nimpe. Hapo ndipo shida ilipo.

Nimerudi nikasoma komenti zote, moja baada ya nyingine. "Mfupa umemkwama, mpe tonge la ugali asukume." "Piriton nusu, jioni." "Panadol ya mtoto, ile ya maji, haina shida." "Ponda kitunguu saumu na asali." "Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia." "Mpake ile marhamu ya kifua umfunike." Na ile iliyopata likes nyingi kuliko zote: "Ni homa tu ya baridi ya Julai, itaisha." Kati ya mamia ya watu, waliosema nimpeleke kwa daktari wa wanyama walikuwa wanne. Wanne! Na mmoja wao alijibiwa, "Wewe ni tajiri, mbwa ni mbwa." Huyo nitarudi kwake.

Sasa niwaambie nilifanya nini, halafu mnitusi mkitaka. Alhamisi nilishuka kwa kemisti iliyo chini ya ploti yetu nikanunua dawa ya kikohozi ya watoto, na tembe chache za amoksilini zilizofungwa kwa kikaratasi. Sikuulizwa ni za nani na mimi sikusema. Nyumbani nikamlaza Chapo chali mapajani, kama mtoto mchanga, nikamfinyia dawa mdomoni kwa sirinji. Akawa anapaliwa. Nikasema ni kiburi. Nikarudia Alhamisi usiku, Ijumaa mara tatu, Jumamosi mara mbili. Jumamosi akaacha kula, nikamsukumia maziwa kwa sirinji hiyo hiyo.

Jumapili asubuhi shosho alipiga simu kutoka Nyeri kwa mambo yake mengine kabisa. Nikamwambia mbwa wangu ana homa. Shosho amefuga mbuzi na ng'ombe maisha yake yote, na mbwa kwake ni wa kulinda boma, si wa kulala kwa kochi. Sikutegemea ajali. Akaniuliza, "Anakula?"

"Hapana, shosho."

"Akilala, mbavu zinaenda aje? Polepole ama haraka haraka?"

Nikamwambia sijaangalia.

"Sasa mjukuu wangu, kama hujamwangalia, unamtibu nini?"

Nikaangalia. Alikuwa amelala na tumbo lilikuwa linapiga kama la mtu aliyetoka kukimbia. Na bado sikuenda siku hiyo. Nilikuwa na kazi ya kupiga video sherehe ya siku ya kuzaliwa huko Syokimau, nilikuwa nimelipwa nusu tayari, nikajiambia nitaenda Jumatatu.

Jumatatu daktari, mama mmoja mtulivu sana, aliuliza kama nina video yoyote ya kikohozi kilipoanza. Nikamwonyesha ile. Akaniambia nizime muziki. Akaitazama mara mbili, akaisimamisha pale katikati, akaweka kidole kwa skrini. "Wewe kijana, usiangalie mdomo. Angalia tumbo lake kabla hajakohoa." Lilikuwa linavuta ndani na kusukuma nje, Jumatano, siku tano kabla. Kila kitu kilikuwa pale ndani, na nilikuwa nimekifunika na muziki na utani wa mzee wa kanisa.

Ilikuwa nimonia. Ilianza kama kile kinachoitwa kikohozi cha banda, ikateremka mapafuni. Nilimuuliza kama ile dawa na yale maziwa niliyomfinyia akiwa chali viliingia mapafuni. Akasema inawezekana, na hakuna mtu atakayeweza kuniambia kwa uhakika ni kiasi gani. Hilo jibu nalala nalo.

Kwa hivyo wacha tuongee juu ya hiki kikohozi, kwa sababu nimegundua wengi wetu tunadhani kikohozi ndicho ugonjwa. Kikohozi ni kengele. Swali ni nani anaigonga.

Kikohozi cha banda si mdudu mmoja. Kuna bakteria inaitwa Bordetella, ambayo ni ndugu wa ile inayoleta kifaduro kwa watoto. Kuna virusi vya parainfluenza. Kuna adenovirusi aina ya 2. Mara nyingi huja wawili au watatu pamoja, kama wezi wa simu wa stejini: mmoja anakusukuma, mwingine anaingiza mkono. Bordetella ndiyo inayosukuma. Kwenye koo la hewa kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu kutoka chini kwenda juu. Bakteria hii inavilemaza. Ufagio ukisimama, chochote kinachoshuka kinabaki chini. Kwa mbwa mkubwa mwenye afya na chanjo, mara nyingi hii kitu inaisha yenyewe kwa wiki moja hadi tatu, na hapo ndipo yule wa "itaisha tu" anapata ujasiri wake. Kwa mtoto wa mbwa ambaye kinga yake bado ni changa, inaweza kuteremka mapafuni kwa siku chache. Ushauri wa mbwa wa miaka minne umepewa mbwa wa wiki tano. Ni kama mtu akwambie mtoto mchanga mwenye homa atapona kwa sababu mjomba wake alipona.

Na ule mlio wa bata bukini, ule wa kukunja mgongo na kutoa povu? Huo ndio unaofanya kila mtu aseme mfupa umekwama. Mbwa aliyekwamwa na kitu kweli kwa kawaida anahangaika palepale, anakwaruza mdomo kwa miguu, hawezi kumeza, wakati mwingine hawezi kupumua kabisa, na hiyo ni dharura ya dakika hiyo. Anayekohoa, anatoa povu, kisha anatingisha mkia na kuendelea na maisha, halafu anarudia tena baada ya nusu saa, huyo uwezekano mkubwa ni koo lake limewaka. Tonge la ugali halitasukuma kitu.

Lakini inaweza kuwa distempa pia, na hapa naomba mtulie kidogo. Virusi vya distempa viko kwa ukoo mmoja na vya surua na vya sotoka, ile iliyokuwa ikimaliza ng'ombe wa babu zetu mpaka ikatangazwa kuisha duniani mwaka 2011. Distempa haijaisha. Inaanza kama homa yoyote: macho yanatoa machozi, baadaye tongotongo za manjano, pua inatoa makamasi mazito, joto linapanda, anakohoa. Kisha kutapika na kuhara. Wengine ngozi ya pua na ya nyayo inakuwa ngumu kama ngozi ya kiatu. Na kuna wale ambao wiki kadhaa baadaye, mwenye mbwa akishasema "si niliwaambia itaisha", misuli inaanza kuruka yenyewe, taya linatafuna hewa, mbwa anaanguka kifafa. Hakuna dawa inayoua virusi hivi mwilini mwa mbwa. Daktari anamsaidia mbwa apigane, basi. Kinga ni chanjo.

Mwaka 1994 distempa iliingia kwa simba wa Serengeti. Ikaua takriban thuluthi moja yao na ikavuka mpaka mpaka Maasai Mara. Watafiti walipochunguza, chanzo walichokiona kinaelekea zaidi kilikuwa mbwa wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi, mbwa wasiochanjwa. Simba. Wale tunaowaweka kwa mashati na kwa pesa. Wewe unaniambia kitu kilicholaza simba kitatibiwa na kitunguu saumu? (Na by the way kitunguu saumu na kitunguu cha kawaida huharibu damu ya mbwa, kwa hivyo hata kama ni uji wa kumpasha joto, usiweke.)

Halafu kuna kikohozi ambacho hata si maambukizi ya hewa. Minyoo ya duara, ile ambayo watoto wa mbwa wengi huipata kutoka kwa mama yao hata kabla ya kuzaliwa, mabuu yake hupitia mapafuni kabla ya kurudi tumboni. Wakipita, mbwa anakohoa. Huyo anahitaji dawa ya minyoo. Na kuna yule ambaye maziwa yameingia njia mbaya, kama wangu pengine. Unaona sasa? Kengele ni ile ile, milango ni minne au mitano, na dawa ya mlango mmoja inaweza kuua kwa mlango mwingine. Ukiwa umekaa kwa kochi hujui ni mlango gani. Mimi sikujua. Yule mwenye likes nyingi hakujua.

Kwa dawa za binadamu nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Parasetamoli, ambayo ndiyo iliyo ndani ya Panadol, inaharibu ini la mbwa na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, na kwa mwili wa kilo mbili hakuna nafasi ya kukosea kipimo. Sasa fikiria: mbwa ambaye tayari hapati hewa vizuri, halafu unampa kitu kinachozuia damu kubeba hewa. Brufen inatoboa tumbo na kuangusha figo. Dawa nyingine za kikohozi za maji zimetiwa utamu wa zailitoli badala ya sukari, na zailitoli kidogo tu inaangusha sukari ya mbwa hadi anaanguka mwenyewe. Marhamu za kifua zina kafuri na mentholi, na mbwa atajilamba, hiyo ni kazi yake. Na dawa ya kuzima kikohozi, hata ikiwa salama kwa mbwa, kama tatizo ni nimonia umemnyang'anya ufagio wa mwisho aliokuwa nao. Daktari wakati mwingine huandika dawa ya kukizima, kwa kikohozi kikavu kinachomnyima mbwa usingizi, baada ya kusikiliza mapafu. Baada ya kusikiliza. Kemisti ya chini ya ploti haikusikiliza mapafu.

Amoksilini zangu za kikaratasi? Daktari hakunikemea, aliniuliza tu nilimpa kiasi gani, uzito gani, siku ngapi. Sikuweza kujibu hata moja. Kama ni virusi, hazikufanya chochote. Kama ni bakteria, zilifunza bakteria adabu kidogo tu bila kuiua.

Basi kuna nini unaweza kufanya nyumbani? Kuangalia. Shosho hakuwa na stethoskopu, alikuwa na macho. Mbwa akiwa amelala fofofo, si akicheza, si akiota na kurusharusha miguu, tazama ubavu. Ukipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Mbwa mkubwa aliyelala huwa chini ya 30 kwa dakika. Mtoto wa mbwa anaweza kuwa juu kidogo. Ukipata 40 na zaidi amelala, ukarudia baada ya dakika kumi ukapata hivyo hivyo, usinipostie, nenda. Tumbo likisaidia kifua kusukuma, shingo ikinyooshwa mbele, viwiko vikitanuliwa nje ya mbavu kwa sababu hataki kulala chini, hapo hakuna mjadala. Inua mdomo wa juu uone ufizi: unatakiwa kuwa wa rangi ya waridi. Ukiona kijivu, buluu ama weupe kama karatasi, hiyo ni boda saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Wengine wana ufizi mweusi wa kuzaliwa, angalia ulimi.

Pua kavu haimaanishi chochote. "Ana joto nikimshika" pia haimaanishi chochote, kwa sababu mbwa mzima ana joto la kati ya 38.3 na 39.2, yaani juu ya letu kila siku. Ukitaka kujua, kipimajoto kinaingia matakoni, kimepakwa mafuta ya kulainisha. Ndio, matakoni. Kikipita 39.5, ana homa. Na mtoto wa mbwa aliyekataa kula siku nzima hasubiri wikendi iishe.

Huku ukipanga safari, mtenge na mbwa wengine wa ploti, wa jirani pia, na vyombo vyake vya maji visiguswe na wengine. Nawa mikono ukitoka kwake, maana wewe ndiwe matatu ya hawa wadudu. Mfunge kwa mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingo, kwa sababu kola inafinya pale pale panapouma. Ondoa jiko la makaa ndani ya chumba. Julai ya Nairobi naijua, lakini moshi unachoma koo lililowaka na ile hewa ya jiko kwenye chumba kilichofungwa inaua watu, sembuse kiumbe cha kilo mbili. Chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo inatosha. Kama anakohoa tu na kila kitu kingine kiko sawa, anakula, anacheza, mvuke wa bafuni dakika 10 hadi 15 unalainisha koo, maji tu, hakuna kitu cha kuweka ndani. Asisukumiwe kitu chochote mdomoni na akiwa chali asilishwe kamwe, mbwa hunyonya akiwa amelalia tumbo. Na piga simu kliniki kabla ya kufika, waambie ni kikohozi, ndio wasikuweke kwa benchi moja na mtoto wa mbwa wa mtu mwingine.

Video pia, piga. Hiyo ndiyo kazi yake. Dakika moja akikohoa, dakika moja akiwa amelala, mwanga mzuri, tumbo lionekane. Mbwa wengi wakifika kwa daktari wanaacha kukohoa kwa sababu ya woga. Unayo simu inayopiga video safi kuliko kamera za stesheni za zamani, na mtu wa kwanza kuiona video ni sisi wajinga wa intaneti. Mwonyeshe daktari kwanza, bila muziki.

Sasa tuje kwa wauzaji, maana siwezi nikabeba lawama zote peke yangu, ingawa zangu nimezibeba. Chapo nilimnunua Jumamosi kwa jamaa wa kando ya barabara, ile unafunguliwa kadibodi kwa dirisha la gari kwenye foleni. Shilingi 7,000. "Wiki nane, amechanjwa, amepewa dawa ya minyoo." Alianza kukohoa Jumanne. Kikohozi cha banda kinachukua kama siku 2 hadi 14 kujitokeza tangu mbwa aambukizwe, kwa hivyo fanya hesabu. Kadibodi ilikuwa na watoto wa mbwa sita, wa rangi na maumbo tofauti, yaani kutoka mama tofauti, nyumba tofauti, wanapumuliana siku nzima kwa moshi wa barabara. Ukitaka kutengeneza kiwanda cha kikohozi, utakijenga hivyo hivyo.

Daktari alifungua mdomo wa Chapo akaangalia meno. Hakuwa na wiki nane. "Sidhani kama amefika sita," alisema. Yaani alitolewa kwa mama mapema, kabla ya umri wa sindano ya kwanza. Chanjo ya distempa na wenzake hutolewa kuanzia wiki 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka mbwa afike au apite wiki 16. Inarudiwa kwa sababu kinga aliyopewa na maziwa ya kwanza ya mama inaweza kuizima sindano, na hakuna anayejua kwa kila mbwa itaisha siku gani. Kwa hivyo hata yule aliyechanjwa mara moja bado yuko wazi. "Amechanjwa" si neno, ni kadi: tarehe, stika iliyotoka kwa chupa ya chanjo, sahihi na muhuri wa daktari. Mimi nilionyeshwa kadi. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu "OK" na tarehe. Nikaona inatosha kwa sababu alikuwa amenilamba kidole.

Na sisi ndio soko. Kila Desemba na kila Februari tunaposti watoto wa mbwa wenye utepe shingoni, kila mtu anauliza "wapi hiyo?", na kuna mama mbwa mahali amefungiwa kwa banda anazalishwa kila akipata joto ili video zetu zisikose. Nimeshaombwa na watu wawili nitangaze "mapapi" kwa malipo. Zamani ningekubali, sitadanganya.

Haya, yule wa "mbwa ni mbwa, watu wenyewe hawana pesa za hospitali". Nakuelewa kuliko unavyodhani. Nimekulia nyumba ambayo tulitibiwa kwa tangawizi mpaka ishindikane. Lakini tazama vizuri ni nani anayesema hivyo. Huyo aliyenunua mbwa kwa 7,000, sweta ya mbwa, kola yenye jina, chakula cha pakiti ya picha. Mimi nilikuwa na pesa ya sweta. Sindano tatu za chanjo hazikuwa kwenye bajeti kwa sababu haziposteki. Bili ya Jumatatu na Jumanne, oksijeni, dripu, picha ya kifua, ilipita bei ya mbwa, na ningeenda Jumatano ya kwanza ingekuwa sehemu tu ya hiyo. Ukikosa pesa ya kumtibu, usimnunue. Kama umeokota, ama umepewa na mwenzako, uliza mapema, kabla hajaumwa. Pale kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuna kliniki ya wanyama wadogo. Madaktari wengi wanaongea bei kwa simu ukiwauliza kwa heshima. Na kabla ya kumlipa mtu anayejiita daktari kwa WhatsApp, uliza kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB, maana hapo pia kuna makanjanja.

Na kama huruma haikufikii, kuna sheria, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Kumwacha mnyama wako ateseke huku unaweza kumsaidia kunaweza kukuingiza kwenye kosa. Sijawahi kusikia mtu wa ploti yetu akishikwa kwa hiyo. Lakini ujue ule uzembe una jina.

Ile video sijaifuta. Nilitaka kuifuta, nikaona nikifanya hivyo nitakuwa nimejisafisha mimi na kuwaacha nyinyi na zile komenti. Nimetoa muziki, nimetoa yale maandishi, na komenti niliyobandika juu inasema tuangalie tumbo, sio mdomo, sekunde ya 7.

Wale mlio kwa inboksi, nitawajibu wote, ila si kwa dawa. Ukinitumia mbwa wako akikohoa nitakuuliza: ana wiki ngapi kweli, kadi yake ina stika, amekula leo, na amelala anapumua mara ngapi kwa dakika? Ukinijibu "sijahesabu", weka simu chini ukahesabu. Nitangoja.